Vipimo vya kuelewa hisia na nia za wengine kwa Kihispania: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kipimo kikishatafsiriwa na mfasiri hodari, kiko tayari kutumika.

Ukweli: Kazi ndiyo kwanza inaanza. Katika kipimo cha macho, ambacho mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake walikitoa upya kwa Kiingereza mwaka 2001, mtu huonyeshwa picha 36 za macho pekee, na kwa kila picha huchagua, kati ya maneno manne, lile linaloeleza vyema anachohisi au kuwaza mwenye macho hayo. Neno la Kihispania likiwa la kitabuni kuliko lile la Kiingereza, anayepimwa hukosea kwa kutolijua, ilhali macho ameyasoma sawasawa. Watungaji wenyewe waliweka sharti kwamba angalau nusu ya watu wachague neno lililokusudiwa, na lisiwepo neno jingine lolote linalochaguliwa na zaidi ya robo yao. Sharti hilo halirithiwi kwa tafsiri. Ni lazima lithibitishwe upya kwa wasemaji wa Kihispania.

Dhana: Kihispania ni kimoja, kwa hiyo toleo la Madrid litafaa popote.

Ukweli: Lugha hiyo ni rasmi katika nchi 20, na adabu ya usemi hutofautiana. Kusema «wewe» kwa rafiki, mjini Madrid, Hispania, hutumika «tú», na mjini Buenos Aires, Argentina, «vos», ilhali mjini Bogotá, Kolombia, «usted», yaani «wewe» ya heshima, husikika hata baina ya jamaa wa karibu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kipimo cha kauli zisizofaa kilichochapishwa na mtafiti Valerie Stone na wenzake mwaka 1998. Kisa chake kimoja kinamhusu mwanamke anayevunja kwa bahati mbaya bakuli ambalo yeye mwenyewe alimpa rafiki yake kama zawadi ya harusi. Rafiki huyo, aliyekwisha kusahau nani alilitoa, anamwambia asijali kwani hakuwahi kulipenda. Anayepimwa huulizwa kama kuna aliyesema asichopaswa kusema. Wahusika wakiitana «usted» mahali ambapo neno hilo ni la wageni na wakubwa, urafiki wao huweza kutiliwa shaka, na uchungu wa kauli ile ukapungua.

Dhana: Alama za chini ni dalili ya ugonjwa.

Ukweli: Umri na elimu navyo huathiri alama. Mkulima wa Peru aliyesoma miaka michache akilinganishwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Hispania, huenda akaandikiwa upungufu asio nao, na hiyo ni dhuluma inayoweza kumfuata hadi kwenye matibabu.