Jiko la mkaa si la kulala nalo chomboni

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, wanaolala kwenye vyombo vya baharini hapa Dar, kuanzia Feri hadi Kunduchi, hutafuta joto. Haya ndiyo wanayouliza.

Mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, siwezi kuteremsha jiko chumbani?
Hapana. Moshi angalau unawasha macho, utatoka mwenyewe. Mkaa mwekundu usiofuka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku unapumua vizuri tu. Chumba cha mashua ni kidogo. Ukiziba upenyo kwa turubai mvua isiingie, moto nao unakosa hewa, na hapo ndipo gesi inapozidi. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yale tunayoacha yafe yenyewe, bado yanaitoa.

Nikiweka sufuria ya maji pembeni?
Maji hayainyonyi. Sijui nani alianzisha imani hiyo.

Nitajuaje imenipata?
Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Hapa Dar mtu atasema ni malaria, au amelevywa na bahari. Angalia hivi: homa hakuna, mliolala chumba kimoja mnaumwa pamoja, na ukipanda juu kwenye upepo unapata nafuu. Lakini aliyelala fofofo anaweza asizinduke kabisa.

Na jiko la gesi?
Hilo nalo si la kuota. Hutoa mvuke unaolowanisha chumba, na likikosa hewa hutoa sumu ileile. Gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, ikingoja cheche ya injini. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe.

Basi tufe na baridi?
Baridi ya Dar inauma kwa sababu ya nguo mbichi na upepo. Vua zilizolowa maji ya chumvi, maana hazikauki vizuri, vaa sweta kavu, tandika godoro juu ya mbao. Chai ya tangawizi ichemshwe juu ya sitaha, jiko likiwa ndani ya sanduku la mchanga kama kwenye majahazi. Maji moto yanayobaki yatie kwenye chupa imara, izungushie kanga, uiweke miguuni. Yoti za nchi za baridi zina hita, lakini zilizo salama huvuta hewa ya kuwakia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba, na chumbani huwekwa kengele ya kugundua gesi.

Tumemkuta mwenzetu hazinduki, tufanye nini?
Fungueni kila mlango, mtoeni nje haraka, na anayeingia asikawie ndani. Kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua. Akizinduka msimwache "apumzike kwanza": kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kutoka mwilini, ila kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu. Mwambieni daktari kulikuwa na jiko ndani. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 na mgonjwa yuko hatarini, kwa sababu hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye gesi hii. Kipimo cha damu ndicho kitakachoonyesha.