Kolonoskopi kwa Mwenye Kisukari: Maswali ya Kuuliza Mapema

Kwa nini mwenye kisukari ahitaji maelekezo yake mwenyewe?

Katika kolonoskopi, daktari hupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa ili aukague utumbo mpana, ambao sharti uwe umesafishwa kwa kuacha chakula na kunywa dawa ya kumfanya mtu aharishe. Mgonjwa mwingine huvumilia njaa tu. Mwenye kisukari akitumia dawa zake kama kawaida bila kula, sukari yaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Kwa hiyo, siku unapopangiwa tarehe, iwe Bugando au hospitali nyingine ya Mwanza, mwoneshe daktari dawa zako zote, mweleze kama una tatizo la figo, na uombe nafasi ya asubuhi.

Dawa zipi huachwa?

Daktari wako ndiye mwamuzi, na ni vyema akuandikie. Glibenklamidi na gliklazidi huchochea kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, hivyo kwa kawaida husitishwa unapoacha kula. Dapagliflozini na empagliflozini huachwa siku 3 hadi 4 kabla, kwa sababu njaa na upungufu wa maji vikikutana nazo, damu yaweza kujaa asidi hatari hata sukari ikionekana ya kawaida. Insulini ya muda mrefu mara nyingi hupunguzwa, lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiiache kabisa.

Nile na kunywa nini?

Siku 2 au 3 kabla, acha dona, maharage, michembe na mboga za majani. Kula wali mweupe, ugali wa sembe, mayai au sato wa kuchemsha. Siku moja kabla ya kipimo ni vinywaji vyepesi tu: maji, chai ya rangi, supu ya samaki iliyochujwa, juisi ya tufaha iliyo angavu. Uji na maziwa havimo, wala rozela, kwani wekundu wake waweza kudhaniwa kuwa damu.

Sukari ikishuka, nikinywa kitu kitamu sitaharibu kipimo?

Hutaharibu, na hofu hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu humfanya mtu avumilie mtetemo na jasho jembamba akidhani anatii masharti. Pima sukari kila baada ya saa 2 hadi 4 ukiwa macho. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, kunywa nusu glasi ya juisi ya tufaha, au maji yenye vijiko 4 vidogo vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kipimo kikiwa kimekaribia, kunywa vivyo hivyo na uwajulishe wauguzi.

Natoka Ukerewe, ninywe dawa ya kusafisha utumbo nyumbani?

Ni afadhali ulale mjini, karibu na choo na karibu na msaada, kwa kuwa dawa hiyo hugawanywa, na dozi ya pili kwa kawaida hunywewa saa chache kabla ya kipimo, na safari ya kivuko haifai wakati huo. Uje na ndugu wa kukurudisha, maana dawa ya usingizi huacha ulegevu. Dawa za sukari zilizositishwa huanza tena kwa maelekezo ya daktari, ukishaanza kula.