Kwa nini sabuni ya mawese huweza kuwasha uso hata ikipikwa sawasawa?

Mche wa sabuni ya mawese pale Kigoma huuzwa kwa sifa moja kubwa: ni wa asili. Uso ukianza kukaza na kuchoma, lawama humwendea mpishi, kwamba kazidisha kostiki soda. Mara nyingine ni kweli. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 141 za kostiki ili yote yawe sabuni. Mpishi makini hushuka hadi gramu 134 hivi, mafuta kidogo yabaki. Akizidisha, inaunguza.

Lakini sabuni iliyopimwa barabara, ikakaushwa wiki 4 hadi 6, bila chembe ya kostiki ndani, bado itasoma pH 9 hadi 10 (pH ni kipimo cha asidi na magadi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi). Hapo ndipo wengi tunapokosea. Ukali huo si masalia ya kostiki, ndiyo sabuni yenyewe: chumvi yenye tabia ya magadi. Jaribu kuituliza kwa limau hadi ifikie pH ya ngozi, kama 5, nayo itavunjika. Asidi za mafuta zitaelea kama ukoko na povu litakwisha. Sabuni huna tena, na limau limekwenda.

Sasa fikiria boti la mbao pale Kibirizi. Mbao peke yake hazizuii maji. Kazi hiyo ni ya kalafati iliyosindiliwa kwenye viungio. Ngozi ya juu nayo ni chembe kavu zilizozibwa kwa mafuta. Sabuni haina macho: hubeba taka pamoja na kalafati. Tena vimeng'enya vinavyotengeneza kalafati mpya hupenda asidi, kwa hiyo pH ikipanda, fundi naye analegea. Tofauti na boti, hapa maji huvuja kutoka ndani kwenda nje. Kule kukaza tunakokuita kutakata ndiko kuvuja kwenyewe. Ngozi imara hujirekebisha ndani ya saa chache. Iliyo nyepesi kudhurika huoshwa tena kabla haijamaliza.

Povu jingi la sabuni ya mafuta ya mise, yaani ya kiini cha mbegu ya mchikichi, si dalili ya upole. Asidi yake ya lauriki huwasha zaidi. Na maji ya Ziwa Tanganyika, yenye magnesi, huacha utando wa sabuni usoni, basi suuza sana.

Kwa uso unaowashwa, tafuta kisafishaji kisicho sabuni, kisicho na manukato, pH 5 hadi 6. Kwenye lebo, sodium cocoyl isethionate ni dalili njema. Sodium palmate ni sabuni ya mawese iliyovaa suti. pH pekee haitoshi, kwani sodium lauryl sulfate huwasha hata pH ikiwa sawa. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara 2 kwa siku, siku 7.

Kisha jioni tu: kiasi cha harage, maji ya uvuguvugu, sekunde 30, taulo la kugusisha bila kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo sana. Asubuhi maji yanatosha. Kiangazi cha Tabora, hewa inapokauka, ongeza upakaji, si uoshaji.