Swichi ya Bure Inagharimu Nini? Jumuiya za Watoa Huduma za Intaneti na Washirika Wao

Swali ni lile lile, kwenye semina, kwa waandishi wa habari, hata kwa wahandisi wanaopaswa kujua: "Kituo chenu cha kubadilishana trafiki ya intaneti kinafadhiliwa na nani?" Halafu mtu anajijibu mwenyewe, anataja shirika la kimataifa la Internet Society au mamlaka ya mawasiliano, kana kwamba wakijiondoa kesho taa zitazimika.

Hapana. Kituo cha kubadilishana trafiki, yaani mahali watoa huduma wanapopitishiana data moja kwa moja, kama TIX ya Dar es Salaam, ambayo iko chini ya TISPA, jumuiya ya watoa huduma za intaneti Tanzania, au KIXP ya Nairobi, iliyo chini ya TESPOK, jumuiya ya wenzao wa Kenya, husimama kwa sababu wanachama wameleta ruta zao pale na wanaendelea kulipa. Washirika wapo, na bila wao kazi ingekuwa ngumu. Lakini kila mmoja ana kipande chake, na vipande vingi havina hata senti ndani yake.

Yaliyo mepesi tuyapitie haraka. AFRINIC, msajili wa namba za intaneti barani Afrika, hutoa namba: ASN (namba ya utambulisho wa mtandao) ya kituo, na mafungu ya anwani, /24 ya IPv4 na /48 ya IPv6, kwa ajili ya LAN ya kubadilishana, yaani mtandao wa ndani ambako ruta za wanachama hukutana. Af-IX ni jumuiya ya vituo vya Afrika. Huko unauliza wenzako swichi gani (kifaa kinachounganisha ruta za wanachama) inawasumbua kabla hujainunua. AfPIF, mkutano ulioanzia Nairobi mwaka 2010 na kufika Dar es Salaam mwaka 2016, ni wa kukaa ana kwa ana na mtu wa kampuni ya maudhui na kumaliza kwa nusu saa jambo ambalo kwa baruapepe lingechukua miezi. INEX, kituo cha Ireland, ilitengeneza IXP Manager, ambayo ni programu huria: inatunza kumbukumbu za bandari (matundu ya kuunganishia nyaya kwenye swichi), inachora grafu, inaandaa mipangilio ya seva za njia, zinazowagawia wanachama taarifa za njia za trafiki, pamoja na vichujio vyake. Hakuna ufadhili hapo. Ni kazi tu iliyogawanywa.

Mdhibiti ni habari nyingine. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000 na haikumaliza mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya trafiki ya kimataifa, ililalamika, na CCK, mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya wakati huo, ikaamuru kituo kizimwe. TESPOK ikajenga hoja kwamba trafiki inayotoka kwa mteja wa Nairobi kwenda kwa mteja wa Nairobi haigusi kabisa laini ya kimataifa. Kituo kilirudi Februari 2002, safari hii kikiwa na leseni. Kwa hiyo anayesema mdhibiti ni mfadhili aeleze vizuri: huyu ni mshirika mwenye uwezo wa kukufunga. Tanzania ilipita njia tofauti kwenye suala la majina ya tovuti: tzNIC, ya kusimamia majina ya .tz, iliundwa mwaka 2006 na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, na TISPA kwa pamoja. Kukaa meza moja hakujaifanya TCRA kuwa mkuu wa zamu wa TIX, na TISPA haijageuka idara ya serikali. Wengi hapa ndipo wanapochanganya.

Sasa tuje kwenye swichi ya bure, maana hapa ndipo ninapochoka kabisa.

Mshirika anatangaza msaada wa swichi, picha zinapigwa, kila mtu anadhani kituo kimekua. Kwanza kuna forodha. Jumuiya ya watoa huduma si taasisi ya serikali, na msamaha wa kodi hauji kwa sababu tu kifaa ni zawadi. Nyaraka zikichelewa, gharama za kuhifadhi mzigo zinahesabika kila siku. Pili, moduli za nyuzi, zinazochomekwa kwenye bandari ili kupokea nyaya za nyuzi. Zinatumwa za SR (za masafa mafupi), zinazotaka nyuzi za multimode, wakati wanachama wote wamefika kwa nyuzi za singlemode na wanahitaji LR (za masafa marefu). Swichi yenye bandari 48 na moduli sita zinazofaa ni swichi ya bandari sita. Tatu, leseni ya programu ya swichi: mwaka wa kwanza umelipiwa, wa pili ni wenu. Nne, kipuri. Ugavi wa umeme wa pili ukiungua na hakuna wa akiba, mnabaki na mguu mmoja mpaka agizo lifike. Ni kama kuzawadiwa jokofu kwenye nyumba isiyo na umeme. Swichi ndogo yenye kipuri kabatini ni bora kuliko kubwa isiyo nacho.

Nakala za seva za mizizi ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na zile ambazo shirika la Packet Clearing House huweka kwenye vituo, ni mfano wa ushirikiano uliopangika. Mwenye seva huiendesha mwenyewe kutoka mbali. Jumuiya inatoa nafasi kwenye raki, umeme, bandari ya LAN ya kubadilishana, njia nyingine ya kuingilia kwa usimamizi, na mtu wa kwenda kubonyeza kitufe anapoombwa. Ile njia ya usimamizi husahaulika kila mara. Bila hiyo, kipindi cha BGP (mawasiliano ambayo ruta hupeana njia) kikianguka mwenye seva hawezi kuingia, na nakala inakaa imekufa huku nembo yake ikiendelea kung'aa kwenye tovuti.

Kashe za maudhui, yaani seva zinazoweka nakala za maudhui karibu na watumiaji, ni ngumu zaidi, na ndizo zinazobadilisha trafiki kweli. Nchini Kenya, kwa tathmini za Internet Society, muda wa data kwenda na kurudi ulikuwa kati ya milisekunde 200 na 600, ukashuka ukawa kati ya 2 na 10 kwa trafiki iliyopita KIXP. Kisha kati ya 2012 na 2020 sehemu ya trafiki inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka takriban 30% hadi 70%, na kilele cha trafiki ya KIXP kikatoka Gbps (gigabiti kwa sekunde) 1 hadi 19. Maudhui yalisogea karibu. Hayakusogezwa na hundi ya mfadhili.

Lakini kashe lazima ijazwe kutoka nje, na laini ya kujazia inalipiwa. Nani analipa? Mkigawana sawa, mtoa huduma mdogo wa mkoani anambebea mkubwa. Mkigawana kwa matumizi, mkubwa anasema ana kashe yake ndani ya mtandao wake, haitaki hii, na hatoi kitu. Mwanachama mmoja akijitolea laini, baada ya muda anataka usemi mkubwa kuliko wenzake, na hapo kutoegemea upande kumeisha. Vitabu hupita juu ya jambo hili kwa sentensi moja. Mimi sioni fomula ya haki hapa. Naona kura ya wanachama, inayorudiwa bei ya laini inapobadilika.

Ndiyo maana kwenye hati ya makubaliano na mshirika huwa naruka ukurasa wa malengo. Naangalia haya: kifaa ni mali ya nani muda ukiisha, nani ana nywila ya msimamizi, takwimu za trafiki zinatolewa kwa nani, za jumla au za kila bandari, mshirika akijiondoa anatoa notisi ya siku ngapi, na simu ya nani inaita saa nane usiku. Hiki cha mwisho kikiandikwa "pande zote mbili", irudisheni hati, maana hakuna atakayepokea.