Pumzi, Mate au Mkojo: Kila Tumbaku na Kipimo Chake

Muulize mtu hapa Mombasa, "Wavuta sigara?" na aliyekuwa kwenye shisha jana usiku atajibu la, wala hasemi uongo. Mwenye kunusa ugoro, mwenye kubana kuberi mdomoni na mwenye kutia tumbaku katika tambuu nao watajibu la. Ndiyo maana upimaji wa matumizi ya tumbaku huanza kwa kutaja kila kitu kwa jina lake: sigara, shisha, vepu (sigara ya kielektroniki), ugoro, kuberi, tambuu ya tumbaku. Kisha uliza mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na saa hiyo iandikwe. Bila hiyo, nambari itakayotoka haisomeki.

Kipimo cha haraka ni cha pumzi. Kifaa hupima kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Ikifika damuni hushika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, mahali pa oksijeni. Mpimwaji huketi, huvuta pumzi ndefu, huizuia sekunde 15, hufumba midomo barabara kwenye mrija, kisha hupuliza polepole mpaka mapafu yaishe hewa. Sekunde hizo 15 ndizo zinazopuuzwa kuliko yote, nazo ndizo zenye kazi: katika muda huo gesi ya damuni na hewa iliyo ndani kabisa ya mapafu hulingana. Akizuia sekunde 5 tu, au pumzi ikivuja kando ya mrija, nambari hushuka na mvutaji huonekana nafuu. Mwenye pumu asilazimishwe. Azuie awezavyo na jambo hilo liandikwe. Kifaa kiwashwe penye hewa safi, mbali na moshi wa tuktuk, na kisifutwe kwa spiriti wala kushikwa kwa mikono yenye sanitaiza mbichi, kwani mvuke wake huvuruga kihisi.

Kwa kawaida asiyevuta hupata chini ya 6 ppm, yaani sehemu 6 katika milioni za hewa. Kuanzia 10 huashiria mvutaji. Baina ya hapo usikate shauri, rudia kipimo. Nusu ya gesi hii hutoka mwilini kwa takriban saa 5, kwa hivyo aliyevuta usiku akapimwa asubuhi kabla ya sigara ya kwanza anaweza kupata nambari ndogo ya kumdanganya yeye na daktari wake. Alasiri ni bora.

Shisha yataka maelezo zaidi. Ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, lakini haijatoweka. Wengi huamini maji husafisha moshi. Maji huupoza tu, ukawa laini kooni, na mtu akavuta kwa kina zaidi. Kaboni monoksaidi hupita humo bila kuzuilika. Chanzo chake kikubwa ni mkaa ulio juu ya bakuli la shisha, si tumbaku. Ndiyo sababu hata shisha ya "mitishamba" isiyo na nikotini hupandisha kipimo, na baada ya kikao cha saa moja nambari inaweza kuvuka 30 ppm. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikaja, mtu akazimia, asitulizwe na kile kifaa cha oksijeni cha kubana kidoleni: hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na iliyoshikwa na gesi hii, hivyo kinaweza kuonyesha 98% huku mtu akisumiwa. Hospitali ndiyo ipime damu.

Mlaji wa kuberi na mnusa ugoro hawachomi kitu, kwa hiyo pumzi zao hazisemi lolote. Hali ya mtumiaji wa vepu ni karibu hiyo hiyo. Kwao tunatafuta, katika mate au mkojo, kotinini, zao la nikotini baada ya kuvunjwa na ini. Nusu yake hudumu takriban saa 16 hadi 20, hivyo matumizi ya siku chache zilizopita huonekana. Kwa mjamzito huondoka haraka zaidi. Kwa mate, mtafunaji asukutue kwanza na asubiri, maana mabaki ya tumbaku kinywani huchafua sampuli. Kwa watafunaji tunapendelea mkojo, japo nao una mtego wake: aliyekunywa maji au madafu mengi huuzimua. Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli itokayo kwa mkojo, pamoja nao ili kusawazisha. Na anayetumia bandiko au pipi ya nikotini ili aache tumbaku ataonekana na kotinini. Asihukumiwe kwa nambari hiyo. Kwake pumzi ndiyo shahidi bora kwamba ameacha kuvuta.

Bado kuna asiyegusa tumbaku kabisa, akapuliza 12. Msimshuku kabla ya kuuliza juu ya nyumba. Jiko la makaa chumbani, au chetezo cha ubani na udi kilichofukizwa madirisha yamefungwa, hutoa gesi ile ile. Maziwa yasipomeng'enywa vyema hutoa haidrojeni, ambayo baadhi ya vifaa huisoma kimakosa. Akae nje kwenye hewa safi saa kadhaa, apimwe tena. Na kama wote wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, watoke nje kwanza, milango iachwe wazi, waende hospitali, kipimo kitafuata.