Usimamizi wa mhudumu wa watoto na familia ni tofauti na ukaguzi

Neno usimamizi linazidi kupoteza maana yake katika huduma za ustawi wa watoto na familia. Utamsikia mkuu wa idara akitangaza kwamba wahudumu wake wote wamefanyiwa usimamizi robo hii. Ukiuliza ulifanyikaje, unaambiwa majalada yalipitiwa, fomu zisizo na sahihi zikarudishwa, ziara zilizochelewa zikaorodheshwa, na kila mtu akapewa tarehe ya kurekebisha. Kazi hiyo ni ya lazima na lazima mtu aifanye, lakini jina lake ni ukaguzi. Mhudumu aliyefanyiwa hayo tu hajasimamiwa. Kesho yake anarudi kwenye nyumba ya mtoto anayemtia wasiwasi akiwa peke yake vilevile kama jana.

Usimamizi, kwa maana ya taaluma hii, ni mazungumzo ya faragha, yaliyopangwa na yanayorudiwa mara kwa mara, kati ya mhudumu anayebeba mashauri ya watoto na familia na mtu mwenye uzoefu kumzidi. Humo mashauri yanatazamwa kwa kina, uamuzi unapimwa, na mhudumu anapata wa kumsaidia kubeba mzigo. Alfred Kadushin wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu usimamizi kimetumika kufundishia vizazi vya wasimamizi, aliigawa kazi hiyo katika mafungu matatu: ya kiutawala, ya kufundisha, na ya kumtegemeza mhudumu. Mgawanyo huo unatajwa karibu katika kila mafunzo. Tatizo ni kwamba watu wakishautaja hushika fungu la kwanza na kuyaacha mawili.

Anayechanganya usimamizi na ukaguzi hakuuzua mchanganyiko huo, maana una historia. Mwishoni mwa karne ya 19, vyama vya kuratibu misaada kwa maskini, cha kwanza kikiwa cha London mwaka 1869, vikifuatiwa na vya Marekani kuanzia Buffalo mwaka 1877, viliwatuma watu wa kujitolea kutembelea familia majumbani. Wengi wao walikuwa wanawake wa familia zenye uwezo, wenye nia njema na uzoefu kidogo. Waliingia kwenye nyumba zenye njaa, ulevi na maradhi, na wengi hawakudumu. Kila walipoondoka, waliobaki na kumbukumbu ya familia zile walikuwa watumishi wachache wa kulipwa. Hao ndio waliompokea mtembeleaji mpya, wakamweleza habari za familia, wakamsikiliza aliporudi amevunjika moyo, wakakaa naye kuamua hatua inayofuata. Usimamizi wa wahudumu ulizaliwa hapo. Ulitokana na uhaba wa watu wanaodumu kazini, yaani tatizo lilelile tulilo nalo mpaka leo.

Lakini katika maandishi ya taaluma ya miaka ile, mtu aliposema usimamizi alimaanisha jambo jingine kabisa: bodi za umma kuzikagua taasisi za misaada, kuona kama fedha zinatumika ipasavyo na kama nyumba za yatima ni safi. Aliyesimamiwa alikuwa taasisi, si mtu. Maana ya pili, ya kumsimamia mhudumu mmoja katika kazi yake, ilipata nguvu polepole. Mwaka 1911 yalitolewa mafunzo mafupi ya usimamizi chini ya Mfuko wa Russell Sage, taasisi ya hisani ya Marekani, katika idara iliyoongozwa na Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, na katika miongo iliyofuata maana hiyo ndiyo iliyotawala taaluma. Kwa hiyo anayeita ukaguzi usimamizi anatumia maana kongwe iliyokwisha kuachwa, tena anaielekeza mahali isipokusudiwa. Bodi ile ilikagua majengo na vitabu vya hesabu. Leo tunamkagua mtu aliyetoka jana kumsikiliza mtoto wa miaka sita akieleza alivyopigwa.

Mbona naling'ang'ania jambo hili? Kwa sababu yapo maneno ambayo mhudumu hawezi kuyasema mbele ya mkaguzi, na maneno hayo ndiyo yenye usalama wa mtoto ndani yake. "Naogopa kuingia nyumba ile, yule baba wa kambo akisimama mlangoni mimi huuliza maswali mepesi ili niondoke." "Yule mama ananikumbusha dada yangu, nahisi namwamini kupita kiasi." "Niliandika kwamba nimemwona mtoto, lakini alikuwa amelala na sikumwamsha." Jalada la shauri kama hilo linaweza kuwa limekamilika, ziara zote zimo, tarehe zote ziko sawa. Mkaguzi atalipitisha. Msimamizi akisikia sentensi moja ya aina hiyo atajua kwamba mtoto huyo kwa kweli hajaonwa.

Eileen Munro, mtafiti wa ulinzi wa watoto wa Uingereza, alichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa ripoti 45 za uchunguzi kuhusu watoto waliodhulumiwa, zilizotolewa Uingereza kati ya 1973 na 1994. Kosa lililojirudia ni hili: wahudumu walikuwa wazito kubadili maoni yao ya mwanzo kuhusu familia hata ushahidi mpya ulipoyapinga. Kosa hilo haliletwi na uvivu wala ujinga. Akili ya binadamu hufanya hivyo, hasa ikichoka. Mtu akishaamua kwamba baba fulani anajitahidi, kila anachokiona kinamwonyesha baba anayejitahidi. Orodha ya fomu haimtoi mtu kwenye mtego huo. Anahitaji mwenzake aliye nje ya shauri, anayemheshimu, wa kumuuliza: ungeona nini ndipo ukubali kwamba umekosea kuhusu familia hii?

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wazuri hulijua kwa uzoefu, na ambalo Harold Searles, daktari wa akili, aliliandika tangu mwaka 1955: yanayotokea kati ya mteja na mhudumu hujirudia kati ya mhudumu na msimamizi. Mhudumu ambaye kwa kawaida ni mchangamfu anaingia akiwa mzito, anajibu kwa mkato, anasema hakuna kinachowezekana. Msimamizi asiye makini atadhani amepata mtumishi mvivu. Aliye makini atajiuliza hali hii imetoka nyumba gani, na mara nyingi atagundua kwamba mama wa shauri lile amekata tamaa kabisa na amemwambukiza mhudumu wake. Habari hiyo ni ya thamani kubwa kuhusu familia, na hakuna safu ya fomu inayoweza kuibeba.

Uingereza iliujua mchanganyiko huu kwa gharama kubwa. Mtoto Victoria Climbié alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka minane, baada ya mateso ambayo idara kadhaa zilipata nafasi za kuyazuia. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake mwaka 2003, ulionyesha pamoja na mengine jinsi usimamizi wa wahudumu waliokuwa na shauri lake ulivyokuwa dhaifu. Kati ya mapendekezo yake 108, moja lilitaka kazi ya wahudumu isimamiwe mara kwa mara, na msimamizi asome jalada, alipitie na kulitia sahihi. Ni pendekezo la haki. Lakini taasisi iliyo chini ya shinikizo hushika kile kinachoweza kuhesabiwa, na sahihi huhesabika kirahisi kuliko mazungumzo. Munro alipopewa na serikali jukumu la kuupitia mfumo mzima wa ulinzi wa watoto Uingereza, akamaliza mwaka 2011, alikuta kwamba hata nafasi chache za usimamizi zilizokuwapo zilikuwa zimemezwa na maswali ya muda wa kufunga mashauri, malengo na ukamilifu wa kumbukumbu. Muda wa kufikiri juu ya mtoto mwenyewe ulikuwa umebanwa pembeni.

Tofauti ya pili niipitie haraka, kwa kuwa inawapoteza watu wa upande wa pili, wale wenye huruma. Usimamizi haulingani na ushauri nasaha. Mhudumu akifiwa, akiachika, au akirudishwa na shauri fulani kwenye majeraha ya utoto wake, msimamizi ana haki ya kujua kadiri jambo hilo linavyogusa kazi, basi. Matibabu ya jeraha lenyewe yana mahali pake na watu wake, na idara inayojali watu wake huhakikisha njia ya kuwafikia iko wazi. Msimamizi anayegeuka kuwa mtabibu humweka mhudumu mahali pabaya, kwa maana huyohuyo anayemfungulia moyo leo ndiye atakayemwandikia tathmini ya mwaka. Wala faragha ya usimamizi haizidi usalama wa mtoto, na jambo hili huelezwa siku ya kwanza. Likisemwa humo lolote linaloonyesha mtoto yuko hatarini, linatoka na linafanyiwa kazi siku hiyohiyo.

Tena kumtegemeza mhudumu hakuishii kwenye kumpa pole. Mtafiti Michàlle Mor Barak na wenzake walikusanya mwaka 2009 matokeo ya tafiti 27 zilizohusu wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa huduma za watoto, ustawi wa jamii na afya ya akili. Walitazama mambo matatu anayotoa msimamizi: msaada katika kazi yenyewe, msaada wa kihisia, na uhusiano mzuri kati yake na mhudumu. Yote matatu yalikwenda pamoja na matokeo mema kwa wafanyakazi. Nawaomba wanaodhani usimamizi mwema ni kuuliza tu "unajisikiaje?" waone kwamba msaada wa kazi umo humo. Kijana anayekwenda kesho mahakamani kutoa ushahidi kwa mara ya kwanza atapungukiwa hofu zaidi akielekezwa jinsi ya kuipanga taarifa yake kuliko akiambiwa ajikaze.

Hapa pana swali gumu ambalo wasimamizi wenyewe huliuliza: je, mtu mmoja anaweza kuwa mkaguzi na msimamizi wa mhudumu yuleyule? Zipo idara zinazotenganisha, zikamweka mtu mmoja wa kuangalia utendaji na mwingine, wakati mwingine kutoka nje, wa kusikiliza. Sehemu nyingi haziwezi, watu ni wachache. Maoni yangu ni kwamba mtu mmoja anaweza, mradi asivifanye katika kikao kimoja. Kikao kikianza na takwimu kitaisha na takwimu, maana mhudumu aliyekwisha kujitetea kwa dakika ishirini hawezi kugeuka ghafla akasema anaogopa. Hesabu ziwe na siku yake. Kikao cha usimamizi kianze na mtoto mmoja ambaye mhudumu amemchagua mwenyewe, na simu zizimwe. Uamuzi utakaofikiwa uandikwe kwenye jalada la mtoto pamoja na sababu zake, ili atakayelishika shauri baadaye ajue walifikiriaje. Yaliyo ya mhudumu binafsi yasiingie humo.

Kikao cha kikundi nacho ni usimamizi kikiendeshwa hivyo, na kwa mahali penye msimamizi mmoja na wahudumu wengi ni njia nzuri. Swali linaloulizwa kwa haraka mlangoni au kwa simu kutoka barabarani ni la lazima pia, na msimamizi asiyepokea simu hizo hafai. Ila hayo mawili hayawezi kuwa badala ya kikao, kwa kuwa mhudumu huuliza mlangoni yale tu anayojua kwamba hayajui.

Gharama ya kukosa haya yote humwangukia mtoto. Mhudumu aliyeachwa peke yake huondoka, na mtoto huanza upya na mgeni. Takwimu za Milwaukee, Marekani, za watoto walioingia kwenye uangalizi nje ya familia zao kuanzia 2003 hadi Septemba 2004, hunukuliwa sana: kati ya waliokuwa na mhudumu mmoja tu, asilimia 74.5 walipata familia ya kudumu, yao wenyewe au nyingine, na kati ya waliobadilishiwa mara moja ni asilimia 17.5 tu. Zinukuliwe kwa uangalifu. Shauri linalochukua muda mrefu lina nafasi zaidi ya kupitia mikono mingi, hivyo pengo lote haliwezi kuwekwa juu ya kuondoka kwa wahudumu. Hata hivyo, yeyote aliyekaa na mtoto anayeulizwa kwa mara ya tatu, na mtu wa tatu, aeleze yaliyompata, hatashangaa kwamba mambo hukwama hapo.

Ombi langu kwa wanaoandika ripoti za robo ni dogo. Mlipopitia majalada, andikeni "ukaguzi wa majalada", na muuandike kwa heshima yake yote, maana ni kazi halali. Safu ya usimamizi ijazwe kwa vikao ambavyo mhudumu alizungumza zaidi ya msimamizi na mtoto fulani akafikiriwa upya. Isipokuwapo hata kimoja, iachwe wazi, ili anayegawa bajeti na nafasi za ajira aione ikiwa wazi.