Unamtafuta babu aliyefia vitani? Njoo na namba yake ya jeshi

Kila Novemba, siku za kuwakumbuka waliofia vitani zinapokaribia, foleni ya chumba chetu cha kusomea nyaraka hurefuka. Safari hii malalamiko nayo yameongezeka. Familia zinatozwa pesa na watu wanaodai wanaweza "kufungua faili" la babu aliyekuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) na kuleta fidia kutoka Uingereza. Nyaraka tunazotunza zinaweza kuonyesha alikohudumu na alivyofariki. Si hati za madai. Anayepokea pesa kwa ahadi ya uongo namna hiyo anakabiliwa na kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungo kisichozidi miaka 3. Na familia inayokubali kuchongewa hati isichukulie hilo kuwa dogo: kughushi ni kifungu cha 349, nacho ni miaka 3 vilevile.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Jina pekee halitoshi, na nimechoka kulirudia hili. Makarani wa jeshi waliandika walichosikia: Mutua akawa Mtua, "arap" ikaachwa, na "bin" wakapewa hata ambao kwao haitumiki. Ukiniletea "Juma bin Ali" nitakutolea akina Juma wengi, na huenda wako asiwemo. Nipe namba ya jeshi, pamoja na herufi zake kama inazo.

Mara nyingi namba hiyo iko nyumbani, kwenye medali iliyofungwa kitambaani chini ya sanduku. Kama ni medali ya mviringo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, achana na uso wa mfalme. Isogeze dirishani, uizungushe taratibu ukitazama ukingo wake. Mara nyingi pamechongwa herufi ndogo sana: namba, cheo, jina, kikosi. Tafadhali msiisugue kwa jivu. Nimeshika medali iliyong'arishwa kwa mapenzi makubwa hadi ukingo ukawa laini kama kokoto ya mtoni. Nyota za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina. Hapo tafuteni barua ya taarifa ya kifo au karatasi za malipo ya mjane.

Baada ya namba, tarehe. Wapo waliohangaika miaka wakitafuta kaburi Burma kwa sababu nyumbani ilisemwa "alipotelea Burma", kumbe aliyetafutwa hakufika huko. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ukiiona tarehe hiyo kando ya kikosi hicho, usitafute kaburi. Kwa waliofia Burma kweli na kaburi halijulikani, yapo majina karibu 27,000 kwenye mnara wa makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon.

Wapagazi wa 1914 hadi 1918, wale wa Carrier Corps waliotuachia majina ya Kariokor na Kariakoo, ndio kazi ngumu kuliko zote. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, si risasi. Kuna wajukuu hukasirika nikiwasomea hivyo, wakidhani namvunjia mzee heshima. Alikufa akibeba vita mgongoni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Orodha ya tume hiyo hutafutwa mtandaoni bila malipo. Jina likikosekana, familia inaweza kuiomba tume iliongeze, mradi kifo kiwe kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyefariki akiwa bado jeshini huhesabiwa hata kama ni ugonjwa; aliyekwisha kuachishwa lazima ithibitike kwamba kifo kilitokana na utumishi. Ushahidi ni wa maandishi. Ombi liandikwe kwa jina kama lilivyo kwenye rekodi ya jeshi, hata kama limekosewa, na tahajia ya ukoo iwekwe kando yake. Msilisahihishe jina kwenye nakala yenyewe. Mstari mmoja wa kalamu hapo, na ombi litarudishwa.